Kamera ya kitovuni haisomi siri, mwanangu

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 31, niko Morogoro, nimeolewa miaka 6 na tuna mtoto wa miaka 4. Kwa miaka 3 tumbo la chini linaniuma, maumivu yanazunguka hadi kiunoni na kushuka paja la kulia. Nimetibiwa UTI mara saba. Utrasaundi haikuonyesha kitu. Sasa daktari anasema Jumanne ijayo nitapasuliwa, wapitishe kamera kitovuni waangalie ndani. Sili, silali. Naogopa nusu kaputi, naogopa kuamka sina kizazi, halafu mume aoe mwingine. Mume mwenyewe hanijali. Nilipomwambia nina kipimo kikubwa aliuliza bei tu, kesho yake akaweka pesa mezani akatoka. Miezi minane sasa analala sebuleni. Mama yake anataka kuja "kunisaidia", najua anakuja kunipeleleza. Ameshaanza kunitumia mizizi, eti nina chango. Kuna jambo la zamani kabla ya ndoa, lakini halihusiani na haya. Je, niahirishe? – Mwenye Hofu*

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Maumivu ya miaka 3 si ya kuzoea, na aliyekuambia kwamba ndivyo wanawake tulivyoumbwa alikudanganya. Pole yangu ndiyo hiyo, ipokee, maana sina nyingine.

Usiahirishe. Hilo limekwisha.

Sasa tumseme mumeo, ambaye hayupo hapa kujitetea. Ulimwambia "kipimo kikubwa". Hukumwambia unapasuliwa. Mtu kaambiwa kipimo, kauliza bei, kesho yake kaleta pesa. Ulitaka alie? Na hukuandika ni shilingi ngapi wala kazitoa wapi, kwa sababu hukumuuliza. Wanaume wengi wa kwetu hawakufundishwa kusema "pole, mke wangu". Pole yao huja imekunjwa mfukoni, kwa noti.

Halafu hiyo sebule. Mwanamke mwenye maumivu kama yako mara nyingi huumia pia kwenye tendo la ndoa. Hukuliandika hilo, ila nimelisoma. Je, yeye ulimwambia? Au uligeukia ukutani, leo kichwa, kesho uchovu, keshokutwa mtoto hajalala? Mwanamume akigeuziwa mgongo mwezi mzima hawazi mirija ya uzazi. Anawaza kuna mwenzake. Kwa hiyo huyu bwana kabeba mto wake kaenda sebuleni. Kwenye kochi, mwanangu, si kwa mwanamke mwingine, na asubuhi unamkuta palepale. Wewe unamwita asiyejali, mimi naona mtu aliyefukuzwa bila kuambiwa kosa.

Mama mkwe naye. Hospitali mara saba wamekupa dawa za UTI. Sijui kama hata mara moja mkojo wako uliwahi kuoteshwa maabara kutafuta vijidudu kabla ya kuandikiwa hizo dawa, uliza. Bibi wa watu peke yake ndiye aliyesema shida iko kwenye uzazi. Chango! Neno la kizamani, lakini limefika karibu na nyumba yenye moto kuliko vile vidonge. Ila mizizi yake usinywe. Dawa nyingine za asili huongeza kutoka damu, nyingine hugombana na nusu kaputi, na daktari hawezi kujua umekunywa nini usipomwambia. Yeye mwenyewe aje. Jumanne asubuhi nani atampikia mtoto uji? Eti anapeleleza. Atapeleleza nini, sufuria?

Nikaja kwenye lile "jambo la zamani lisilohusiana". Barua yenyewe fupi, na jambo lisilohusiana limetafuta nafasi likakaa. Hofu yako iko hapo. Kisu unakisingizia tu. Unaogopa daktari ataona, kisha atoke nje amwambie mumeo. Iwe ni mimba iliyoharibika, iwe iliyotolewa, iwe ugonjwa wa zinaa uliotibiwa nusunusu kwa vidonge vya duka la dawa, mimi sikuulizi. Lakini elewa kamera inaona nini. Inaona uvimbe kwenye ovari, inaona makovu, inaona viungo vilivyoshikamana. Kovu halina jina la mtu wala tarehe. Kidole tumbo kilichopasuka huacha makovu, kujifungua kwa upasuaji huacha makovu, kifua kikuu kinaweza kushuka hadi kwenye mirija, na klamidia, ugonjwa wa zinaa, mwanamke anaweza kukaa nayo muda mrefu bila dalili yoyote. Hata ile iitwayo endometriosisi, ambapo vinyama vinavyofanana na utando wa ndani wa kizazi huota nje ya kizazi, hushikamanisha viungo, na utrasaundi mara nyingi haiioni. Shirika la Afya Duniani linakadiria asilimia 10 hivi ya wanawake walio katika umri wa kuzaa wanayo. Hao wote wana mambo ya zamani?

Daktari haruhusiwi kumpa mumeo siri yako bila ridhaa yako. Kwa hiyo kabla ya Jumanne omba kuonana naye peke yako, umwambie lote. Mficha uchi hazai. Mumeo lazima ajue habari ya maumivu na upasuaji. Ya kabla ya ndoa ni yako, sikulazimishi kuyafukua. Masheikh na wachungaji watanibishia, waje. Isipokuwa kwa jambo moja: ukikutwa na maambukizi sasa hivi, mtatibiwa wote wawili, la sivyo mtarudishiana kama mpira.

Ndoa za siku hizi zinanichosha. Picha za keki ya miaka sita ya ndoa dunia nzima tumeziona, lakini mwenye keki hajui mkewe anaumwa wapi. Rafiki wa saluni anajua, dada wa kwenye kikundi cha kufa na kuzikana anajua, muuza dawa za "UTI sugu" pale stendi anajua na kalipwa juu. Mwenye nyumba anaambiwa mwisho, halafu anashtakiwa kwa Shangazi kwamba hajali. Zamani tulikuwa na somo, mwanamke mmoja mtu mzima aliyekufundisha hata namna ya kumwambia mume "leo hapana, naumia" bila kumvunja. Tumemfukuza somo, tumeweka simu. Basi, narudi kwako.

Mimi nilipasuliwa mwaka 1994, mkato wa kiganja kizima. Wewe utatobolewa vitundu vidogo viwili au vitatu, kimoja kitovuni, sentimita moja hivi. Tumbo hujazwa gesi ili viungo viachane, waone. Ndiyo maana ukiamka unaweza kuumwa bega! Usije ukadhani ni moyo. Ni gesi inayosumbua kiwambo cha tumbo na kifua, itaisha siku mbili tatu. Utaambiwa saa ya kuacha kula. Itii, hata chai ya maziwa usiidanganyie, maana chakula tumboni na nusu kaputi ni hatari ya kweli kuliko hizo unazoziota usiku. Wengi hurudi nyumbani siku ileile au kesho yake.

Kizazi hakitolewi kwa kushtukiza. Kuna fomu ya ridhaa. Usiisaini mbiombio huku muuguzi akikungoja na kalamu. Uliza: mkikuta uvimbe mtautoa hapohapo? Mkikuta mshikamano mtaukata? Ni jambo gani hamtalifanya mpaka niamke? Wakuandikie. Na ujiandae kwa jibu moja ambalo huwaliza wanawake kuliko ugonjwa wenyewe: "hatukuona kitu". Hutokea, wala si mara chache. Haina maana ulikuwa unajifanya. Maana yake ni kwamba chanzo kitafutwe kwingine, kwenye utumbo, kibofu, misuli ya nyonga, na hapo usikubali kurudishwa kwenye UTI ya nane.

Leo usiku mtoto akilala, nenda sebuleni. Kaa mwisho wa lile kochi. Mwambie: Jumanne napasuliwa, na miezi yote hii nilikuwa naumia, sikuwa nakukataa. Halafu nyamaza, umpe nafasi. Akishasema ya kwake, muulize zile pesa alizitoa wapi.