Usimwage tupio, mkuu! Mimi nimeshaungua

Mkuu, weka hiyo simu chini kwanza. Majibu ya wengine sijayasoma. Nimeona tu ulipoandika kwamba Gmail yako imejaa GB 15, kwamba unataka kufuta barua pepe zote kwenye simu na kumwaga tupio (Trash, zinakoenda barua ulizofuta), "si kwenye kompyuta bado zipo". Hapo nikajiona mimi mwenyewe. Hazitakuwepo!

Mimi maneno hayohayo niliambiwa na fundi mmoja niliyempelekea simu iliyojaa. "Futa tu bosi, hizo ni za simu, za kompyuta ziko kivyake." Anasema huku anatafuna, wala hanitazami. Akaongeza kwamba tupio nalo nilimwage, la sivyo nafasi hairudi. Hilo la pili ni kweli, vya kwenye tupio vinahesabiwa, na ndiyo maana nikamwamini na lile la kwanza. Laiti angekuwa anatafuna kimyakimya.

Sasa sikia. Nikafuta zote, tupio nikalimwaga, jioni nikafungua kompyuta. Programu ya barua ikafunguka na barua zangu zote zipo, nimeziona kwa macho haya. Nikatabasamu kama mjinga. Pembeni kikaanza kuzunguka kile kiduara cha kusawazisha (kulinganisha na kilichoko mtandaoni), na orodha ikaanza kupungua. Za mwezi huu zikaenda, za mwaka jana zikafuata. Nabonyeza huku na kule kama mtu anayeteka maji kwa ungo. Baada ya dakika chache kikasha kilikuwa cheupe pe.

Akaunti nyingi siku hizi zinatumia IMAP. Hapo barua zinakaa kwenye seva, yaani kompyuta za mtoa huduma, na simu na kompyuta yako zinaonyesha tu kilichoko huko. Ukifuta kwenye simu, seva inafuta, na kompyuta ikipata mtandao tu nayo inafuta. Enzi za POP3, njia ya zamani ya kupokea barua, ndipo kompyuta ilishusha nakala yake ikakaa nayo. Nadhani fundi wangu alisoma enzi hizo akafunga daftari.

Kinachoniuma hadi leo si kufuta. Ni kwamba ningezima Wi-Fi kabla ya kufungua ile programu, nakala zote zilikuwa kwenye diski! Ningezihamisha taratibu, nikanywa na chai. Badala yake niliziwashia mtandao mwenyewe.

Humo ndani kulikuwa na barua ya mteja aliyekiri kwa maandishi yake kwamba kazi nimemaliza na pesa yangu bado anayo. Baadaye akakana. Na unajua kufuta kwako hakugusi nakala ya mwenzako? Kwa hiyo ushahidi wangu uko salama salimini, kwenye kikasha cha mdeni wangu. Nimwandikie nini, "ndugu, nitumie tena ile barua unayokiri deni"? Cheka tu. Nilimwandikia kweli. Hajajibu.

Watoa huduma wangu nao niliwabembeleza, wakajibu kwa adabu kwamba haiwezekani. Ndiyo maana nakupigia kelele za tupio. Gmail ukifuta barua inakaa humo siku 30, Yahoo siku 7, na muda wote huo unairudisha kwa kubonyeza mara moja. Ukilimwaga kwa mkono wako, siku zako zote umezitupa. Najua atakuja mtu hapa kusema "lakini kwenye seva bado zipo". Ndiyo, Google wenyewe wanasema kusafisha kabisa mifumo yao huchukua takribani miezi 2, na nakala zao za akiba hadi miezi 6. Zinakusaidia nini wewe? Huna mlango wa kuingilia huko.

Nafasi itafute kwingine. Hizo GB 15 ni za Gmail, Drive ya mafaili na Photos ya picha kwa pamoja, huenda barua zako hazina kosa lolote, ni video. Kwenye kisanduku cha kutafutia cha Gmail andika larger:10M, zitatoka zenye viambatisho vizito peke yake. Shusha unavyovihitaji, vihifadhi kwenye diski ya nje, kisha futa hizo tu. Tupio liache lijimwage lenyewe siku zikifika. Nafasi itachelewa kurudi, najua. Ichelewe.



Na kama wakati naandika haya ulishamwaga, kompyuta usiiguse kama imezimwa. Zima Wi-Fi kwenye ruta, chomoa na waya kama upo, ndipo uiwashe, uhamishe kila kitu. Kisha uje hapa useme umekuta ngapi.