Wanangu wa mazoezi, mnatazamwa mikono

Nyinyi mliokuja Wete kwa mazoezi ya kufundisha, nakupendeni, lakini juzi mmenichefua. Mmoja kaandika kwenye andalio la somo: "Wanafunzi wataelewa kwa niuroni za kioo." Kisha kaingia darasani, kawapa mgongo dakika ishirini, anausomesha ubao.

1. Hizo niuroni zisikupandeni kichwani. Kina Giacomo Rizzolatti wa Parma, Italia, walichapisha mwaka 1992 kwamba seli fulani za ubongo wa kima, ndizo hizo niuroni za kioo, hutoa mapigo ya umeme kima anaposhika chakula, na pia anapomwona mtu akikishika. Jambo kubwa, sikatai. Lakini kima hao hao si waigaji hodari, basi msituuzie kuwa ndizo zinazofundisha kila kitu, toka huruma mpaka hesabu za sehemu.

2. Mtoto huufuata mkono wako, maneno baadaye. Mwaka wangu wa pili kazini, maabara, titresheni, yaani kupima kemikali moja kwa nyingine tone kwa tone. Niliandika ubaoni kwa chaki nyekundu: MARUFUKU KUFYONZA PIPETI KWA MDOMO. Nikapiga mistari miwili chini yake. Kugeuka nioneshe, pira ya kuvutia kemikali ndani ya pipeti, ule mrija wa kupimia, haionekani, watoto arubaini wananikodolea, kipindi kimebaki robo saa. Nikafyonza. Kwa mdomo, kama nilivyozoea toka chuo: kidevu juu kidogo, jicho la kushoto nimelifumba, kisha kidole cha shahada upesi kuziba. Sodiamu haidroksaidi, kemikali inayounguza, ikasimama kwenye alama sawasawa, nami nikajiona fundi.

Hata dakika tano hazijapita, nasikia kikohozi. Msichana wa meza ya dirishani kidevu kiko juu, anatema, na jicho la kushoto bado kalifumba. Kaninakili mpaka jicho! Nilimsukutulisha maji ya ndoo nzima, mikono inanitetemeka kuliko yake, tukamkimbiza hospitali midomo imevimba kama kaumwa na nyuki. Pale kitandani akaniomba radhi. Yeye, mimi! Asubuhi mama yake akaja, akakaa kwenye benchi la ofisi, akasema taratibu: "Mwalimu, mwanangu asema kafanya vile ufanyavyo wewe." Angenitukana ningepata nafuu. Ule ubao ulikuwa haujafutwa bado, na mistari yangu miwili.

3. Mpeni kila mmoja pipeti na maji matupu kabla hamjaonesha lolote. Mwaka 2005 ulitoka utafiti wa wacheza baleti na kapoeira, mchezo wa Brazili wa ngoma na mapigano: ubongo wa anayetazama ulijibu zaidi kwa miondoko ambayo mwenyewe anaiweza. Aliyekwisha kugusa ndiye anayekuona.

4. Uso nao husomwa. Mkaguzi akiingia nyinyi mnabadilika rangi, na darasa zima linakaza mabega. Mwenzenu wa mwaka jana alitetemeka mpaka watoto wa safu ya mbele wakaanza kumsomea dua kimyakimya, naye akadhani wananong'onezana, akawafokea "Nyamazeni!" Kwa kelele, naam. Vuteni pumzi mlangoni kwanza.

5. Pira za pipeti ziko droo ya kushoto. Zipo tatu. Nitazihesabu kabla ya kengele ya mwisho.