Kwanza mjue mwenye nyumba

Somoe mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma jana usiku, asubuhi nikaurudia. Umehamishiwa Mtwara, dalali amekurushia picha za fleti ya vyumba viwili kule Shangani, anataka laki mbili leo leo ili asiwape wengine, na kodi ya miezi sita utamalizia ukifika kutoka Mwanza. Unaniuliza: huyu dalali ni mkweli?

Ukweli wa dalali haukusaidii kitu. Anaweza kuwa mtu wa dini na watu, kumbe naye kadanganywa na aliyempa ufunguo. Wa kumtafuta ni mwenye nyumba. Kwanza mjue mwenye nyumba, mengine yatafuata.

Yaliyomkuta mama yako mdogo wakati wa mradi wa gesi wewe uliyasikia nusunusu, maana ulikuwa bweni. Ilikuwa 2013. Mtwara ilijaa wageni, kodi zikapanda, nyumba haimalizi siku mbili wazi. Bwana mmoja mtanashati akamwonyesha fleti. Akafungua mwenyewe, akawasha taa, akafungulia bomba maji yakatoka. Mama mdogo akalipa mwaka mzima, hela ya korosho za bibi yenu, akakabidhiwa risiti na ufunguo mkononi. Siku ya kuhamia akakuta familia mbili nyingine kwenye ngazi, magodoro yameegemezwa ukutani, kila mmoja na ufunguo wake unaong'aa, wa kuchongesha sokoni. Risiti walipozilinganisha zilikuwa za kitabu kile kile cha dukani, namba zinafuatana. Yule bwana alikuwa mpangaji wa mwezi mmoja tu. Alilipa mwezi wake, akapata ufunguo kihalali, halafu akawapangisha watu watatu fleti isiyo yake. Namba zinafuatana, Somoe! Na shangazi zako mpaka leo wanasema mdogo wangu alikuwa na haraka. Hakuwa na haraka. Aliingia ndani, alishika ufunguo, alipewa risiti. Angefanya nini zaidi mtu ambaye hajaambiwa kwamba ufunguo si ushahidi?

Basi wewe nakwambia. Ufunguo si ushahidi, picha si ushahidi, video ndiyo kabisa.

Mjomba Hassani yuko Chikongola, mwombe aende. Asiende na dalali. Aende peke yake jioni, watu wakiwa wamerudi kazini, abishe hodi fleti ya jirani. Aulize: hii fleti ya nani, kodi mnampa nani, nani analipia mlinzi na taka na pampu ya maji? Mlinzi wa getini naye aulizwe hayo hayo, kwa sababu jengo la fleti nyingi lina mchango wa huduma, na anayeukusanya anawajua wamiliki wote kwa majina. Hapo hapo utajua kama mwenye fleti anadaiwa mchango, maana deni hilo likikaa sana wewe ndiye utakayekatiwa maji. Kisha apite ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti akisema simjui huyo mtu, simamisha kila kitu.

Karatasi sasa. Tangu sheria ya mwaka 2008 ya kumiliki sehemu ya jengo, fleti moja inaweza kuwa na hati yake peke yake. Jengo likiwa la mtu mmoja, hati ya kiwanja inatosha. Likiwa limegawanywa, unachotaka kuona ni hati ya fleti hiyo hiyo. Utaniambia upekuzi wa hati ofisi ya ardhi ni mambo ya kununua, si ya kupanga. Kwa miezi sita nakubali, ni mzigo. Ukija kutakiwa mwaka mzima, ufanye. Lakini jina lazima lilingane kote: hati au ankara ya maji ya MTUWASA, kitambulisho cha NIDA, mkataba, akaunti ya benki unayolipia. Maji yakiwa ya mita moja kwa jengo zima, ankara haitakuwa na jina la mwenye fleti yako, hivyo utegemee hati. Ukituma kwa simu, jina linatokea kabla hujaweka namba ya siri, lisome. Ukiambiwa "hiyo ni line ya shemeji yangu," acha.

Hapa najibishana mwenyewe, maana najua nusu ya nyumba za Shangani wenyewe wako Dar es Salaam au nje ya nchi, wameacha msimamizi. Ni kweli, na wasimamizi wengi ni waaminifu. Basi msimamizi atoe hati ya uwakilishi iliyoshuhudiwa na wakili, na wewe umpigie mwenye nyumba kwa namba uliyoipata kwa mwenyekiti au kwa jirani. Namba aliyokupa dalali mwenyewe itapokelewa na rafiki yake. Mpangaji anayetaka kukupangisha sehemu yake, mwenye nyumba akubali kwa maandishi, la sivyo mtatolewa wote wawili.

Kitu kingine ambacho watu hawakiangalii ni LUKU. Chukua namba ya mita, nunua umeme wa elfu chache, usome ujumbe wote. Deni la mita litaonekana limekatwa, na kodi ya jengo nayo hukatwa humo tangu 2021. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo mkubaliane ipunguzwe kwenye pango, na iandikwe. Mkataba uwe nakala mbili, wenye namba ya fleti, namba ya mita, tarehe, muda wa notisi, na dipoziti itarudi lini. Siku unayoingia badilisha kitasa, hata kama wanakuona mkorofi.

Ukishahamia utapata meseji: "Mimi baba mwenye nyumba, ile kodi tuma kwenye namba hii." Usijibu. Tuma neno UTAPELI kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, ukiulizwa uwape namba hiyo ya tapeli.

Hiyo laki mbili, sikukatazi. Hela ni yako, na fleti nzuri karibu na bahari kweli huondoka haraka. Nisingependa uikose kwa ajili ya hofu yangu, ukaishia chumba cha mbali. Ila dalali wa kweli anajua ujira wake, kodi ya mwezi mmoja, anaupata ukishasaini, kwa hiyo laki mbili ya leo leo inamsaidia nani? Basi, nimejizuia hapo. Nitumie jina kamili la mwenye fleti na namba ya mita kabla ya Ijumaa. Mjomba anasafiri Jumamosi kwenda Masasi, na ningependa apite Shangani kabla hajaondoka.

Mama yako,
Newala