Kutoka mgambo hadi JWTZ: jibu kwa ndugu wa Kongwa

Ndugu yangu, umeuliza kama miaka yako minne ya mgambo hapo Kongwa inaweza kuhamishiwa moja kwa moja Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), tena katika Kamandi ya Anga. Haihamishwi. Mgambo ni raia anayeitwa inapohitajika kisha akarudi shambani kwake, ilhali askari wa kudumu huandikishwa upya, hupitia mafunzo ya awali kama kuruta mwingine yeyote, na kamandi atakayotumikia huamuliwa na jeshi kulingana na mahitaji na taaluma yake.

Kikwazo chako kikubwa ni kwamba matangazo ya JWTZ ya kuandikisha askari ya miaka ya karibuni yamemtaka mwombaji awe amehitimu mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na kutunukiwa cheti, tena awe hajaoa. Kwa hiyo anzia JKT, ambako maombi ya kujitolea huratibiwa na ofisi za wakuu wa mikoa na wilaya. Cheti chako cha ufundi umeme kitunze, kwani naamini kitakusaidia kuliko miaka ya mgambo.

Nakusihi pia usimpe mtu fedha kwa ahadi ya nafasi. Kijana wa jirani yangu hapa Chamwino aliuza ng'ombe wawili wa baba yake kwa ahadi ya namna hiyo, na hakuitwa kamwe.