Barua kwa mwanangu: bahasha ya Kalasinga na medali za babu yako

Mwanangu,

Asalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku Kibra hatujambo. Goti la mama yako limetulia, mvua imepungua, na kaka yako bado anasema atapaka rangi ukuta wa mbele. Anasema tu.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema mwenye nyumba wako Mhindi hapo Leicester, Uingereza, aliposikia umetoka Nairobi, alikuita chai akakusemesha Kiswahili cha Wahindi wa Ngara, "mama, wewe natoka wapi?", kumbe babu wa baba yake aliletwa kujenga reli. Leo ana famasi na nyumba nne za kupangisha. Ndipo ukaniuliza: "Baba, wao waliletwa na Mwingereza na sisi Wanubi tuliletwa na Mwingereza, tena sisi tulitangulia. Mbona wao wamefika kule na sisi tuko hapa? Ni bidii tulikosa?"

Bidii! Neno hilo likitajwa huwa naikumbuka siku ya medali. Wewe ulikuwa darasa la sita, ukabaki nyumbani na haboba, bibi yako, kwa hiyo unaijua kwa kusimuliwa, na waliokusimulia waliipunguza.

Ilikuwa mwaka 2003. Kaka yako ametimiza miaka 18. Wenzake wa darasani, Mluhya na Mkamba, walijaza fomu ya kitambulisho, wakachukuliwa alama za vidole, wakarudi nyumbani kungoja. Yeye akaambiwa lazima apigwe msasa kwanza, kwa sababu ni Mnubi. Alete cheti changu, alete cha babu, na amlete mzee wa kumshuhudia. Babu yako alikuwa na miaka 81. Alivaa kanzu, juu yake lile koti la kijivu, na kwenye koti akabandika medali. Nilimwambia, "Baba, hizo za nini?" Akasema karatasi hana, lakini Burma alikwenda vitani.

Tulikaa kwenye benchi kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa nane. Tulipoitwa, afisa mmoja aliishika ile nyota ya shaba, akaigeuza nyuma, akaitazama. Akasema, "Mzee, hii haina jina. Nitajuaje si ya mtu mwingine?" Na kweli haikuwa na jina, mwanangu. Baadaye nilikuja kujua kwamba nyota zile Mwingereza alizitoa tupu, hakuandika jina la askari. Babu yako hakubishana. Alisimama, akabana visigino na viatu vyake vya mpira, akataja namba yake ya jeshi kwa Kiingereza, tarakimu moja moja, kwa sauti ya gwaride. Watu wakacheka. Afisa naye akacheka, lakini bila ubaya, akamwambia, "Kaa mzee, usichoke." Huo wema wake ndio ulioniuma, hata leo. Kaka yako alikuwa anaangalia sakafu. Kitambulisho kilitoka baada ya miezi kumi na minne, na ile nafasi yake ya chuo ilikuwa imekwenda.

Wiki hiyohiyo nilimweleza Kalasinga wangu, yule rafiki Mhindi wa dini ya Sikh, kule karakana. Unamjua, yule aliyekuletea baiskeli. Hakusema kitu. Jioni akanipeleka kwao Ngara, akamwomba mama yake alete bahasha. Ilikuwa bahasha ya kaki, imelainika kama kitambaa, inanuka unga wa dengu. Ndani mlikuwa na cheti cha kuzaliwa cha baba yake, cheti cha uraia, risiti za kodi ya ploti zimefungwa uzi, na kijikaratasi cha babu yake aliyekuja na mkataba wa reli. Unga ule ulitokana na siku ya mapinduzi yaliyoshindwa, tarehe 1 Agosti 1982, maduka ya Wahindi yalipovunjwa mjini. Mama yake aliuacha mkufu wa dhahabu mezani, akaizika bahasha kwenye debe la unga.

Basi mimi tangu siku ile nasema, na mama yako amechoka kunisikia: karatasi kwanza. Mtu hurithi karatasi kabla hajarithi mali.

Angalia mwanzo wetu. Babu wa babu yako alikuwa katika jeshi la Emin Pasha, gavana wa Misri kule Equatoria, kusini mwa Sudan. Emin alipoondoka na msafara wa Stanley mwaka 1889, wao waliachwa huko. Mwaka 1891 Lugard, ofisa wa Kiingereza, akawakuta karibu na Ziwa Albert, akawaandika jeshini, wakampigania Uganda, kisha wakaingizwa katika King's African Rifles, jeshi la mkoloni la Afrika Mashariki. Walipozeeka hawakupewa pensheni. Walipewa msitu, huu wetu, na ndiyo maana unaitwa Kibra, yaani msitu kwa Kinubi. Mwaka 1918 ukatangazwa rasmi kuwa eneo la jeshi, ekari 4,197. Babu zetu wakaona wamelipwa. Kumbe mkononi walikuwa na pasi ya kukaa tu, na miaka ya thelathini tume ya ardhi ya mkoloni ikaamua kwamba ni wapangaji wa Mfalme, wanakaa kwa hiari yake. Nyumba ya mawe hawakuruhusiwa kujenga. Ndiyo maana wewe ulizaliwa kwenye udongo na mabati, miaka zaidi ya themanini baada ya babu yetu wa kwanza kufyeka hapa. Benki gani inakopesha mtu kwa dhamana ya udongo na mabati?

Wahindi wa reli walikuwa karibu 32,000, kati ya 1896 na 1901. Waliokufa walifika 2,500 hivi. Wengi walirudi kwao mkataba ulipokwisha, wakabaki kama 6,700. Hapo pana jambo ambalo mwenye nyumba wako huenda hajalifikiria: wao waliulizwa kama wanarudi au wanabaki. Sisi hakuna aliyetuuliza, maana hapakuwa na kwetu pa kurudishwa. Na waliobaki waliandikwa kwenye daftari la watu: Asiatic. Daraja la kati, chini ya Mzungu, juu ya Mwafrika, lenye shule zake, mishahara yake na haki ya kumiliki ploti mjini. Sisi tuliandikwa wenyeji wasio na kabila. Ukishaandikwa hivyo huna reserve, yaani ardhi ya kabila, ya kurudi wala ploti ya kununua.

Nimeandika hivyo, nimeweka kalamu, nimekunywa kahawa, na sasa najipinga mwenyewe.

Karatasi peke yake haikuwafikisha. Nyanda za juu waliwekewa Wazungu, Mhindi hakupata hata akiwa na fedha. Kwa hiyo akaenda dukani, na dukani alikuwa na kitu ambacho sisi hatukuwa nacho, yaani mali kauli. Ami aliyeko Mombasa anampa mpwa magunia ya sukari na majora ya khanga bila senti moja, mpwa anafungua duka Machakos, analipa akiuza. Mfanyabiashara Allidina Visram alikuwa pwani ya Afrika Mashariki miaka mingi kabla ya reli, na reli ilipopita maduka yake yakaifuata kituo kwa kituo. Wengi waliotajirika ni hao na waliowaita kwa nauli zao, hawakuwa vibarua wa mataruma. Kalasinga wangu alikuwa mjukuu wa kibarua, na alistaafu na mkono mgumu kama wangu. Ukisema "Wahindi" unamtia yeye na mwenye viwanda kapu moja, na yeye hilo lilikuwa linamkera kuliko tusi.

Na sisi? Babu yako alipewa nafasi ya kuuza duka la rafiki yake mwaka 1950 na kitu, akasema, "Mimi nilibeba bunduki, sitapima sukari." Mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini sentensi hiyo nimeilipia karo. Aliyetulisha ni haboba. Usimwambie shangazi yako kwamba nimeandika hili, lakini ile gin ya Kinubi iliyosifika Nairobi nzima haikujipika. Alfajiri anaswali, asubuhi anakaanga gurusa za kuuza, usiku anachochea moto nyuma ya nyumba, na polisi wakija anajua chupa ya nani iko wapi. Ndiyo iliyonisomesha. Anayetaka kuzungumza nami habari za bidii aanze na mikono ya yule mama.

Tena kuna mjomba wa Bombo, kule Uganda. Hadithi yake huwa tunaisimulia kwa kicheko, lakini mimi sichekei. Amin alipowapa Wahindi wa Uganda siku 90 mwaka 1972, maduka yao yaligawiwa askari na jamaa zao, na Wanubi wa Bombo walipata fungu nono. Mjomba alipata duka la vitambaa, na karatasi akapewa, yenye muhuri! Watu wakawaita mafutamingi, matajiri wa ghafla. Aliuza majora yote kwa bei ya kwenye kibandiko, akashangaa kwamba rafu haijijazi yenyewe. Mwaka 1979 Amin alipoanguka, mjomba alifika hapa mlangoni na redio moja na viatu viwili visivyofanana. Kwa hiyo naulizwa, na mimi ndiye ninayejiuliza: karatasi si alikuwa nayo?

Nimekaa na swali hilo miaka mingi. Jibu langu ni kwamba karatasi iliyotoka kwenye mtutu huondoka na mtutu. Lakini ningekuwa mwenye nyumba wako ningejibu kwamba biashara ina ufundi wake na mjomba hakuwa nao. Inawezekana sote tuna haki. Inawezekana mimi nina haki zaidi. Naacha hapo, ingawa ulimi unaniwasha.

Umuulize na yeye, kwa adabu, jinsi familia yake ilivyofika huko. Kama ni mwaka 1968, basi anazijua hizo mbio. Hapa sheria ya leseni za biashara ilikuwa imetoka mwaka 1967, asiye raia akabanwa katika biashara, na wengi wao hawakuwa wamechukua uraia katika ile miaka miwili ya mwanzo. Pasipoti walizokuwa nazo ni za Uingereza, na huko Uingereza wakaona watu wanakuja wengi, wakapitisha sheria ya kuzibana tarehe 1 Machi 1968. Baba zake wadogo wawili wa Kalasinga walipanda ndege wiki ya mwisho ya Februari. Wa tatu alichelewa. Miaka minne baadaye baraza la huo mji wako lilitia tangazo katika gazeti la Uganda likiwaambia Wahindi wa kule wasije Leicester. Karatasi zao nazo ziliwahi kugeuka majani makavu mkononi. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na ya pili.

Mwaka 2011 kamati ya Afrika ya haki za watoto iliamua kwamba Kenya imewakosea watoto wetu katika jambo hili la uraia. Babu yako alikuwa ameshatangulia. Mwaka 2017 mwezi wa sita Rais akatukabidhi hatimiliki ya jamii, ekari 288. Toa mwenyewe kutoka 4,197. Nilikwenda uwanjani, ngoma yetu ya doluka ikapigwa, mama yako amevaa gurbaba ya njano, nikalia kama mtoto, kisha nikakasirika njiani kurudi. Hata sasa sijui ipi ilikuwa ya kweli zaidi. Mwezi wa saba ikatangazwa kwamba Wahindi wa Kenya ni kabila la 44. Kalasinga akanipigia simu saa tano usiku, anacheka mpaka anakohoa: "Wewe umepata shamba, mimi nimepata kabila. Tubadilishane?" Nikamwambia alete kwanza ile bahasha. Alifariki mwaka uliofuata, na mwanawe akaniletea lile debe la unga, tupu, limesuguliwa. Mama yako anahifadhia mchele.

Najua uliuliza habari za bidii, na mimi nimekujibu habari za bahasha. Ukitaka la bidii mpigie shangazi yako, yeye ana hotuba.

Jambo moja la haraka. Umesema fomu zako za hapo zinataka cheti cha kuzaliwa cha asili. Usimruhusu kaka yako akitume kwa posta. Atakuja mtoto wa jirani mwezi ujao, nitamkabidhi mkononi, na wewe utaniletea risala siku hiyohiyo kwamba umekishika. Kwa sasa kiko juu ya kabati, ndani ya plastiki mbili, pamoja na cha babu yako kilichopatikana mwaka mmoja baada ya mazishi yake, na ile nyota isiyo na jina. Nilitaka kuipeleka kwa sonara aichonge jina nyuma. Mama yako amekataa.

Wasalaam,
Baba yako