Jibu: Binti amemaliza Namagunga, ajiunge na chama cha wasichana wa zamani?

Dada, umeuliza kama binti yako aliyemaliza Namagunga, shule ya sekondari ya wasichana hapa Uganda, ajiunge na chama cha waliosoma hapo zamani, au ni michango tu isiyoisha. Ajiunge, tena mapema. Asisubiri mpaka apate kazi kubwa.

Shangazi yangu alisoma hapo enzi za masista wa Kifransisko. Shule aliianzisha mmoja wao, Mama Kevin, mwaka 1942, na shangazi ameishika kama ukoo wake. Ana daftari la jalada gumu ambamo amewapanga wenzake kwa mwaka wa kumaliza. Kando ya jina ni nambari ya simu, na msalaba mdogo kwa waliofariki. Juzi nilimkuta kwake Jinja, miwani puani, akipiga simu moja baada ya nyingine. Msichana wa kidato cha tatu alikuwa amefiwa na baba, karo ya muhula haijatimia. Siku ya nne ikatimia. Aliyetoa shilingi 10,000 aliandikwa mstari mmoja na aliyetoa laki tano, kwa mwandiko uleule. Hapo ndipo nilipomwelewa.

Michango ipo, sikufichi. Binti aanze na kundi la mwaka wake, atoe anachoweza, na aulize hesabu zinasomwa lini mbele ya wanachama. Wenzao wa Gayaza, shule nyingine ya wasichana ya tangu 1905, nao wana chama chao, kwa hiyo asione ni jambo geni.

Akiona aibu kuanza, niandikie. Shangazi atampigia mwenyewe.