Mama ana moyo uliotanuka: tumkorogee glukosi?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 58. Ameambiwa moyo umetanuka na nguvu ya kusukuma damu imebaki asilimia 30. Hana kisukari, lakini kaandikiwa dapagliflozin, na duka la dawa wanasema hiyo ni ya kisukari. Jirani anasisitiza tumkorogee glukosi kila asubuhi ili moyo upate nguvu. Tushike lipi? — Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Shikeni la daktari wake, glukosi iacheni. Wazo la jirani si la kipuuzi, maana moyo wa mama kweli umepungukiwa nishati. Kosa ni kudhani kwamba umekosa chakula.

Moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku. Akiba yake ya ATP, yaani nishati iliyo tayari kutumika, ingekwisha ndani ya sekunde chache kama isingetengenezwa upya muda wote. Kazi hiyo hufanywa na mitokondria, yaani vinu vidogo vya nishati ndani ya seli, zinazojaza karibu theluthi moja ya seli ya msuli wa moyo. Watu wengi hushangaa wakisikia kwamba moyo wenye afya hutegemea zaidi mafuta kuliko sukari: sehemu kubwa ya nishati yake hutoka kwenye asidi za mafuta, inayobaki kwenye glukosi, lakteti (zao la glukosi iliyovunjwa nusu) na ketoni (nishati ambayo ini hutengeneza kutokana na mafuta).

Moyo unaposhindwa, mafuta na sukari bado vimo tele kwenye damu, tena mara nyingi kupita kiasi, kwa kuwa insulini haifanyi kazi ipasavyo. Kilichoharibika ni uwezo wa kuvichoma. Glukosi huvunjwa nusu njia, kisha badala ya kumaliziwa ndani ya mitokondria huishia kuwa lakteti na asidi. Kreatini fosfeti, inayosafirisha nishati hadi kwenye nyuzi za msuli, nayo hupungua. Mwaka 1997 watafiti nchini Ujerumani walionyesha kwamba, kwa wagonjwa wenye mioyo iliyotanuka kama wa mama, waliokuwa na uwiano mdogo wa kreatini fosfeti kwa ATP walifariki zaidi.

Ndiyo maana kuuchochea moyo wa namna hii ni sawa na kumcharaza punda aliyekwisha kuchoka. Vidonge vya milrinone, vinavyoufanya moyo upige kwa nguvu zaidi, vilijaribiwa, na matokeo ya mwaka 1991 yakaonyesha vifo vimeongezeka kwa asilimia 28. Dawa za kuzuia beta (beta-blocker), zinazoupunguzia moyo mbio, ndizo zinazorefusha maisha. Kama mama anazo, asiziache kwa sababu tu zinamfanya ajisikie mzito siku za mwanzo.

Sasa dapagliflozin. Ilianza kweli kama dawa ya kisukari, lakini utafiti wa DAPA-HF wa mwaka 2019, wenye wagonjwa 4,744, ulionyesha kwamba inapunguza kwa asilimia 26 hatari ya kuzidiwa au kufa kwa ugonjwa wa moyo, hata kwa wasio na kisukari. Inatoa sukari na chumvi kwa mkojo (kwa hiyo sehemu ya glukosi ya jirani ingeishia chooni) na kupandisha ketoni kidogo, ambazo moyo uliochoka huzitumia zaidi ya kawaida. Wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani cha faida kinatokana na ketoni. Mimi naona mchango wa kupunguza maji na chumvi ni mkubwa zaidi.

Kliniki ningeulizia madini ya chuma, kwa sababu mitokondria huyahitaji na takriban nusu ya wagonjwa hawa wanayo pungufu, hata wasio na upungufu wa damu. Apimwe feritini, inayoonyesha akiba ya chuma mwilini, na kiwango cha chuma kilichobebwa na transferini, protini inayokisafirisha kwenye damu. Yakiwa pungufu, chuma cha kuchomwa kwenye mshipa husaidia. Vidonge vya chuma kwa ugonjwa huu havijaonyesha faida.

Akitapika, akishindwa kula, au akiandaliwa upasuaji, mpigieni daktari mara moja kuhusu kusimamisha dapagliflozin, kwani ketoni zinaweza kupanda hadi damu ikawa na asidi hata sukari ikiwa ya kawaida. Kama mama hufunga Ramadhani, alizungumze hilo kliniki kabla mwezi haujaandama.